Baba, Bibi na Mifupa ya Mtwapa

Nimekulia Bofa, Kilifi. Baba Mgiriama, mama Mswahili. Kwetu kila Idi lazima Bibi, mamake mama, akishashiba pilau aanze: "Sisi asili yetu Shirazi." Baba anatazama sahani yake, maana mkwe ni mkwe. Lakini tukishapanda tuktuk kurudi nyumbani, anacheka mpaka machozi. "Shirazi ya wapi? Hapo Takaungu?" Mimi nimekaa katikati, sijui nicheke na nani.

Aliyenisaidia ni profesa mmoja wa akiolojia, Chapurukha Kusimba. Si mtu wa Pwani huyu, jina lenyewe linakuambia katoka magharibi. Alisoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafanya kazi na Makumbusho ya Taifa, akaenda kuchukua udaktari Marekani. Kisha akakaa miaka mingi Field Museum kule Chicago, akisimamia mambo ya Afrika. Ndiyo, jumba lile lile walipo simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu huko huko. Lakini kuchimba, alirudi kuchimba kwetu. Mtwapa.

Mtwapa hiyo hiyo, manze. Nyinyi mnaijua kwa klabu. Pale pale kando ya mkono wa bahari kuna magofu ya mji mzima: misikiti, majumba ya mawe, makaburi.

Zamani wasomi wa kikoloni walisema miji hii ilijengwa na wageni, eti Mwafrika hangeweza. Kizazi cha kina Kusimba kikakataa. Mwaka 1999 akatoa kitabu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa miji ya Waswahili, kinachoonyesha kwamba mizizi yake ni ya hapa: vyungu vya hapa, wafua chuma wa hapa, lugha ya Kibantu. Na zile hadithi za Shirazi? Wasomi wengi waliona ni watu kujipandisha hadhi tu. Yaani walikuwa upande wa baba.

Halafu Machi 2023, yeye na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Nature DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao Pwani, wakiwemo wa Mtwapa. Majibu? Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Lakini kwa kina baba, sehemu kubwa inatoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Bibi hakuwa anaota, bana!

Ngoja, msikimbie na nusu ya stori. Waliopimwa wengi ni matajiri, wale wa kuzikwa karibu na msikiti. Mvuvi wa kawaida huenda DNA yake ingesema mengine. Na miji ilikuwa imeshaanza kabla ya huo mchanganyiko. Wageni walioa kwa wenyeji, na watoto wakaongea lugha ya mama zao. Ndiyo maana leo tunaongea Kiswahili, si Kiajemi.

Kilichonigusa mimi ni kwamba jina la Kusimba liko kwenye utafiti huo. Mtu umechimba miongo mitatu, umeandika vitabu, halafu mifupa uliyoichimba mwenyewe inakuambia kuna kitu ulikidharau. Wangapi wetu tungekubali?

Nilipomweleza Bibi, akasema, "Si nilisema?" Nikamwambia na ile nusu nyingine, kwamba mama zao walikuwa Waafrika wa hapa hapa, pengine damu moja na kina baba. Akanyamaza kidogo. Halafu akamwongezea baba nyama.

Sasa wewe wa Kilifi, magofu ya Mnarani yako ng'ambo tu ya daraja. Umewahi kuingia?