Gemu za Kampala Zilikulia Kibandani

Historia ya kompyuta za nyumbani imezoeleka kusimuliwa kwa sura moja. Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilianza kuuza ZX Spectrum, kimashine cheusi chenye vitufe vya mpira. Cha kumbukumbu ya kilobaiti 16 kiliuzwa pauni 125, cha kilobaiti 48 pauni 175. Mwaka huohuo Marekani ikapata Commodore 64. Mtoto alichomeka mashine kwenye televisheni ya sebuleni, akapakia gemu kutoka kwenye kaseti, na alipochoka kucheza akajaribu kuandika programu zake mwenyewe kwa lugha ya BASIC. Watoto hao wamekua, wameandika kumbukumbu zao, na kumbukumbu hizo zimegeuzwa kipimo cha dunia nzima. Ukiipima Kampala kwa kipimo hicho, utasema jiji hili halikuwa na historia ya namna hiyo mpaka simu za mkononi zilipoingia. Hilo si kweli. Historia ilikuwepo, ila makao yake yalikuwa kibandani, na anayeitafuta sebuleni atarudi mikono mitupu.

Sebule ilikosa kompyuta kwa sababu zinazojulikana. Mashine ile ilihitaji televisheni, umeme wa uhakika, mfanyabiashara wa kuiagiza na familia yenye akiba. Televisheni ilikuwepo: Uganda ilianza matangazo yake mwaka 1963, wakati Tanzania Bara, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ilisubiri kituo chake cha kwanza cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo Kampala ilikuwa imeitangulia Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mengine yote yalivunjwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja nao yakaondoka maduka, mikopo na mawakala wa ng'ambo waliokuwa wakiingiza bidhaa za namna hii. Mwaka ambao Spectrum iliingia madukani London, vita vilikuwa vikiendelea Luweero, kaskazini tu ya jiji. Mwaka 1987 sarafu ilibadilishwa kwa kufuta sifuri mbili na kukata kodi ya asilimia 30 juu yake, hivyo aliyekuwa amejiwekea fedha taslimu alipoteza karibu theluthi ya akiba yake. Umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ulikuwa umedhoofika kwa miaka ya kukosa vipuri na matengenezo. Kwa kompyuta ya kaseti jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana: kupakia gemu moja kulichukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kilifutika palepale. Mtu anaweza kusema zilikuwepo nyumba za mabalozi, za matajiri na za waliorudi kutoka uhamishoni, na humo mashine hazikukosekana. Nakubali. Lakini mashine iliyofungiwa nyuma ya geti haizai fundi, haizai biashara, wala haizai mazoea ya mtaa, na historia ya jiji hujengwa na hayo matatu.

Kibanda cha video kilikuwa na kila kilichokosekana nyumbani: televisheni moja, mabenchi, mara nyingi jenereta, na watu waliozoea kulipa mlangoni ili waangalie filamu ikitafsiriwa papo hapo kwa Kiganda na mtangazaji waliyemwita VJ. Mashine za gemu zilipofika zilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Nyingi hazikuwa Nintendo halisi. Zilikuwa nakala za Famicom, mashine iliyotoka Japani mwaka 1983, zilizotengenezwa Taiwan na baadaye China, zikiwa na katriji zilizodai kubeba mamia au maelfu ya gemu ilhali zilikuwa chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Baadaye ikaja PlayStation, na soka likatawala. Hapa ndipo naona mchango hasa wa kibanda. Mtoto mwenye mashine yake nyumbani anaweza kuipa gemu moja alasiri nzima. Anayelipia kwa mechi au kwa dakika hawezi. Basi gemu ndefu za hadithi zilikosa nafasi, na zikashinda gemu fupi za watu wawili, za mpira na za ngumi, ambazo hata wanaosubiri zamu wanaweza kuzifuata, kuzishangilia na kuzibishania. Namna ya kulipa ndiyo iliyochagua gemu. Atakayeona ajabu na autazame omweso, ndugu wa bao la pwani, wenye mashimo 32 na kete 64: wawili hucheza, na duara la watazamaji huhesabu, huonya na hutoa hukumu.

Kuna atakayesema napamba umaskini, kwamba watu walikusanyika kwa kuwa hawakuwa na uwezo, na kama wangepewa Spectrum kila mmoja wangejifungia nayo. Huenda. Sidai kwamba Mganda amezaliwa akipenda kucheza hadharani. Chanzo kilikuwa uchumi, nami nimekwisha kukitaja. Lakini chanzo cha jambo na kile ambacho watu walikifanya kutokana nalo ni mambo mawili, na mwanahistoria anayeishia kwenye chanzo amefanya nusu ya kazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine. Spectrum ilipowashwa ilimsubiri mtoto aiandikie. Mashine ya katriji haimruhusu kuandika chochote. Kibanda kililea wachezaji, wala hakikulea waandishi wa programu. Hili ni kweli, na ni hasara ambayo hatupaswi kuifunika. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Makerere ilianzishwa mwaka 1985, lakini kibodi zake ziliwafikia waliofaulu kufika chuo kikuu, wakati mtoto wa mtaa wa Katwe alikuwa na pedi tu mkononi. Hata hivyo, kuandika programu siyo njia pekee ya kuijua mashine. Pale mashine moja ilipotegemewa na mtaa mzima, ilibidi pawepo wa kuifungua, kuunga waya na kuhamisha kipuri kutoka maiti ya mashine nyingine. Mtengeneza filamu Isaac Nabwana, wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alilipia mwezi mmoja tu wa kozi ya miezi sita ya ufundi wa kompyuta, kisha akahariri filamu zake kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutoka vipande vya zamani, na mwaka 2010 akatoa *Who Killed Captain Alex?*, filamu iliyolipeleka jina la mtaa wake duniani. Ndiyo maana marufuku ya kuingiza kompyuta zilizotumika, iliyotangazwa kwenye bajeti ya mwaka 2009, naiona kuwa ilitazama upande mmoja tu. Hatari ya taka za kielektroniki ni ya kweli, lakini rundo lile la mashine kuukuu lilikuwa pia karakana na shule ya watu wasio na ada.

Nakala asilia ya filamu hiyo haipo. Nabwana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine, na iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ. Vibanda vya gemu vinapotea kwa njia hiyohiyo, kimya kimya, kwa kuwa hakuna anayedhani vina thamani. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na sasa lipo Kamwokya, limetunza ngoma na mikuki ya mababu. Litunze na pedi iliyochakaa na katriji ya uongo. Na wewe uliyewahi kuendesha kibanda, au ambaye mzazi wako alikiendesha, usitupe daftari la mapato. Andika bei ya mechi, jina la mtaa na mwaka, kisha umkabidhi mtu atakayelitunza.