Ndimu na Chokaa: Asili ya Elimu ya Tindikali kwa Watoto wa Unguja

Mtoto akaaye katika majumba marefu ya Michenzani hana haja ya kungoja chupa za maabara ili aonane na tindikali na alkali. Vyote viwili vimo jikoni mwa mamaye, na mara nyingine vimo katika nguo aliyoivaa. Urojo, chakula kipendwacho mno Unguja, hutiwa manjano na hutiwa ukali wa ndimu, ukwaju au embe mbichi. Tone lake likianguka juu ya kanzu nyeupe huacha doa la manjano. Kanzu ikipakwa sabuni, doa lile hugeuka jekundu papo hapo, na mtoto hudhani kwamba nguo imekwisha kuharibika. Ikikamuliwa ndimu, wekundu huondoka na umanjano hurudi. Sabuni ina asili ya alkali, ndimu ina tindikali, na manjano ni shahidi kati yao. Shuleni ushahidi huo hutolewa na karatasi ya litmasi, ambayo huwa nyekundu penye tindikali na buluu penye alkali. Mwalimu hana budi kuwaonya wanafunzi kwamba wekundu wa litmasi na wekundu wa manjano husema mambo mawili yaliyo kinyume, kwa maana wengi wamekosea hapo.

Somo hili huwatia hofu wanafunzi wadogo, na hofu hiyo haikuzuka bure. Neno tindikali liliingia masikioni mwa watoto wengi wa Unguja si kwa kinywa cha mwalimu, bali kwa habari za uhalifu. Katika miaka ya 2012 na 2013 watu kadha walimwagiwa tindikali mjini, na miongoni mwao walikuwamo wasichana wawili Waingereza waliokuja kufundisha kwa kujitolea. Tangu hapo neno hilo likawa jina la jeuri. Tena limebeba ukali ndani ya silabi zake, na asikiaye hudhani kwamba hatari yote ya elimu hii imo upande wa tindikali, na kwamba upande wa pili ni wa amani. Alkali nalo huishia kwa sauti hiyo hiyo, lakini kwa bahati tu. Asili yake ni neno la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea iotayo katika ardhi ya chumvi, ambayo watu wa kale walitengenezea sabuni na vioo.

Basi elimu hii, ambayo vitabu vya shule huionyesha kama bidhaa iliyoteremshwa melini kutoka Ulaya, ina jina lililotoka katika majivu ya jangwani. Waswahili walikuwa na la kwao katika magadi, chumvi ya ziwani wanayotia katika maharage ili yaive upesi na katika tumbaku ili iwe kali. Ziwa la Magadi katika Kenya limechukua jina hilo, na tangu mwaka 1911 kampuni imekuwa ikichimba humo magadi ya kuuza kwa viwanda vya vioo na sabuni. Mpishi wa pwani ajua kwamba magadi na ndimu havitiwi katika chungu kimoja, maana kimoja huvunja nguvu ya mwenziwe na povu hupanda juu. Aliyejua hayo alijua jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, ila hakuliandika.

Huko Ulaya walioandika walianzia pale pale. Robert Boyle, katika kitabu chake juu ya rangi kilichotoka mwaka 1664, alieleza kwamba maji ya maua ya buluu huwa mekundu yakitiwa tindikali na huwa ya kijani yakitiwa alkali. Choya, ua jekundu linalotengenezewa kinywaji, hufanya kazi kama hiyo. Carl Scheele alitoa tindikali ya ukwaju na zabibu mwaka 1769, na mwaka 1784 akaitoa ile ya ndimu katika hali ya chembe nyeupe. Njia yake ilikuwa nyepesi: alitia chaki katika maji ya ndimu, tindikali ikashikana na chaki na kutuama chini, kisha akaitenga kwa tindikali nyingine yenye nguvu zaidi. Chaki na matumbawe ni kitu kimoja kwa asili. Lau Scheele angalizaliwa Unguja, asingalikosa ndimu wala mawe.

Na mawe hayo ndiyo habari kubwa ya alkali katika kisiwa hiki. Mji Mkongwe wote umesimama juu ya chokaa. Kwa karne nyingi kabla ya Sayyid Said kuhamia Unguja, watu wa pwani walikwisha kujua kupanga magogo kwa duara, kuyaweka matumbawe juu yake na kuyatia moto. Yahitajiwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi ili jiwe liachane na hewa yake. Jiwe lililokwisha kuchomwa hubaki na umbo lake, lakini huwa jepesi, maana karibu sehemu 44 katika kila 100 za uzito wake zimepaa na moshi. Likimwagiwa maji hutokota bila ya moto, hupasuka, na huanguka likawa unga. Unga huo ukiachwa shimoni na maji kwa muda mrefu huwa laini kama samli, na ndio uliounga mawe ya kuta, ukapakwa nje na ndani, na kushika dari juu ya boriti za mikoko.

Ukuta uliopakwa chokaa haukauki tu kama nguo juu ya kamba. Chokaa huivuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoitoa katika tanuu, na baada ya miezi na miaka hurudi kuwa jiwe. Joseph Black, mtaalamu wa Uskoti, aliifafanua hewa hiyo katika andiko la mwaka 1756, akaonyesha kwamba ndiyo iliyomo ndani ya mawe ya chokaa na ndiyo itokayo katika pumzi ya binadamu. Ni hewa yenye asili ya tindikali, ingawa dhaifu. Kwa hiyo kila ukuta wa zamani wa Shangani au Malindi ni tindikali na alkali zilizopatana.

Wazee waliokaa barazani chini ya kuta hizo wakitafuna tambuu walikuwa na chokaa nyingine mdomoni. Jani la tambuu, popoo na katu peke yake havitoi ule wekundu uliotia madoa meno na sakafu. Chokaa ndiyo iutoayo, kama sabuni itoavyo wekundu katika manjano.

Sasa na turejee Michenzani. Mtaa huu wa Ng'ambo ulikuwa wa nyumba za udongo na makuti hata baada ya Mapinduzi ya 1964, ndipo serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ikakusudia kuugeuza. Mpango wa mji wa mwaka 1968 ulichorwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na majumba marefu yakaanza kuinuka yakifuata njia mbili kubwa zilizokatana. Hapo saruji ilichukua mahali pa chokaa. Saruji nayo huchomwa kutokana na mawe ya chokaa, pamoja na udongo, na zege lake ni alkali yenye nguvu sana. Alkali hiyo ndiyo inayozihifadhi nondo za chuma zilizomo ndani zisipate kutu. Lakini hewa ile ile ya ukaa iliyofanya ukuta wa Mji Mkongwe kuwa mgumu huingia katika zege polepole, huipunguza alkali yake, na nondo hubaki bila ya mlinzi. Pepo za bahari huleta chumvi na kuuharakisha uharibifu. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege. Mtoto atazamaye ufa wenye rangi ya kutu katika jumba lo lote la zege lililo karibu na pwani huona sura moja ya elimu hii, na ni sura yenye gharama kubwa kwa serikali na kwa wakaazi.

Hatari nyingine ni ya jicho. Tindikali ikigusa nyama huigandisha, na mgando huo huzuia kidogo isipenye zaidi. Alkali huyageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, nayo hujifungulia njia kwenda ndani. Kwa sababu hiyo chokaa iliyomrukia mpaka rangi machoni yaweza kumpofusha, na maji ya betri, ambayo kila mtu huyaogopa, si adui pekee. Dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, kwa muda mrefu. Kukamulia ndimu jichoni kwa hoja kwamba tindikali huvunja alkali ni kuongeza joto na jeraha. Jambo hili mtoto hastahili kulijifunza kwa bahati, wala kwa lugha asiyoifahamu vyema.

Hapo ndipo penye ugomvi. Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1964, na mwaka 1990 kilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno ya kufundishia yalikuwapo. Hata hivyo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba sayansi na hesabu zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wenye kuitetea walisema kuwa sekondari na dunia zinasema Kiingereza, na hoja hiyo ina uzito. Lakini darasa la tano ndipo mtoto angeanza kuambiwa kwamba ndimu ya nyumbani na tindikali ya kitabuni ni jamaa moja, na udugu huo hauonekani ikiwa jina la mmoja limefichwa. Svante Arrhenius alipoeleza mwaka 1884 kwamba vitu hivi vikiwa majini hugawanyika katika chembe zenye umeme, walimu wake wa Uppsala walimpa daraja ya chini. Mwaka 1903 akapewa tuzo ya Nobel. Waliomsahihisha waliisoma lugha yake barabara na bado wakamkosa. Itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi?

Jaribio moja latosha kuanzia. Chokaa kidogo huchanganywa na maji, huachwa itulie hata maji ya juu yawe meupe kama hewa, na mwanafunzi huyapulizia kwa mrija pasipo kuyavuta. Maji hugeuka mfano wa maziwa: pumzi imeifanya chokaa kuwa jiwe. Akizidi kupuliza, weupe hutoweka tena, maana pumzi ikizidi huliyeyusha jiwe. Kwa njia hiyo mvua imechimba mapango ya matumbawe kama lile la Mangapwani, na kwa njia hiyo maji ya visima vya Unguja hubeba chokaa, yakaifanya sabuni isitoe povu, na yakachemshwa huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ndimu moja na maji moto huuondoa.