Trikoptera wa Nchi za Joto: Kueleza Spishi Mpya

Trikoptera ni oda ya wadudu ambao utoto wao hupita majini na utu uzima wao hupita hewani, nao wana nasaba ya karibu na vipepeo na nondo, ila mabawa yao yamevikwa nywele badala ya vigamba; na ndiyo sababu jina hilo, alilolitoa Mwingereza William Kirby mwaka 1813, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya unywele na bawa. Spishi zilizokwisha kupewa majina zimepita 16,000, na kazi ya kuzieleza zilizosalia, hasa za nchi za joto, ingali mbali na mwisho wake. Kueleza spishi, kwa istilahi ya wanazuoni wa wanyama, si kumwona mdudu tu wala kumtungia jina, bali ni kuzitangaza sifa zake kwa maandishi na michoro, hata mtu ambaye hakuwapo siku ya kukamatwa kwake aweze kumtambua pasipo shaka.

Umbo na maisha. Mdudu mzima hufanana na nondo mdogo asiye na rangi za kupendeza. Ana vipapasio virefu, na akitua hukunja mabawa yake kama paa la mgongo. Buu wake hutoa hariri kinywani, na kwa hariri hiyo wengine hutega nyavu baina ya mawe ili maji yaendayo kasi yawaletee riziki, na wengine hujijengea ala ya kubebeka, ya mchanga au ya vijiti. Familia ya Pisuliidae, ambayo haipatikani ila Afrika kusini ya Sahara na Madagaska, mabuu wake hukaa katika vijito vya misituni na kujifanyia ala kwa vipande vya majani makavu yaleyale wanayoyala.

Ala hizo ni za ajabu, lakini haziaminiki kwa ushahidi. Mwaka 1834 Mmarekani Isaac Lea, mjuzi wa makombe na konokono, alikieleza kitu kidogo kilichozungushwa kama kombe la konokono akakiita *Valvata arenifera*, yaani Valvata mchukua mchanga, akidhani kwamba ni konokono aliyejigandishia chembe za mchanga. Kumbe kilikuwa ni ala ya buu wa trikoptera, wa jenasi iitwayo leo *Helicopsyche*.

Ukusanyaji. Kwa kuwa wengi wao huruka usiku na kuvutwa na mwanga, mkusanyaji huweka taa ya mionzi ya urujuanimno kando ya kijito magharibi inapoingia, na chini yake bakuli jeupe lenye spiriti. Ama husimamisha mtego wa Malaise, mfano wa hema la chandarua, uliobuniwa na Msweden René Malaise. Kwa njia kama hizi wataalamu kutoka Bergen, Norwei, walikusanya trikoptera wa msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara Magharibi, wakapata humo spishi ambazo hazijapata kuelezwa. Kila kichupa hutiwa kijikaratasi chenye mahali, kimo, tarehe na jina la mkusanyaji, kwa wino usiofutika. Maana mdudu asiye na anwani, hata akiwa mzuri namna gani, hana thamani kubwa kwa elimu.

Uchunguzi. Mabawa ya spishi zilizo jirani aghalabu hayatofautiani, kwa hiyo ushahidi hutafutwa katika viungo vya uzazi vya dume, vilivyo kwenye ncha ya tumbo. Ncha hiyo hukatwa, ikatiwa katika haidroksidi ya potasiamu yenye moto kiasi mpaka nyama yote iyeyuke na kubaki ngozi ngumu iliyo angavu, kisha ikawekwa katika tone la gliserini chini ya hadubini. Hapo mchunguzi huichora kwa ubavu, kwa juu na kwa chini, akitumia kioo maalumu kimwonyeshacho kiungo na ncha ya kalamu yake mahali pamoja, na hulinganisha kila ndoano na kila mwiba na michoro ya waliomtangulia, kama Georg Ulmer wa Hamburg, aliyeandika juu ya trikoptera wa Afrika ya Ikweta, au Mbelgiji Georges Marlier, ambaye mwaka 1955 alieleza jenasi *Limnoecetis* ya Ziwa Tanganyika. Palipo na shaka, michoro haitoshi. Sharti vitazamwe vielelezo vyenyewe katika majumba ya makumbusho.

Jina na holotaipu. Majina ya wanyama huongozwa na kanuni za kimataifa, na hesabu yake huanzia mwaka 1758 kwa kazi ya Linnaeus. Jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni ndilo lenye haki. Na spishi yoyote iliyotangazwa baada ya mwaka 1999 haina budi kutajiwa waziwazi kielelezo chake cha msingi, aghalabu mdudu mmoja aitwaye holotaipu. Maelezo yaweza kuwa na kasoro na michoro yaweza kupotosha, lakini jina hubaki limefungamana na mdudu huyo aliye chupani, ambaye kila mwenye hoja aweza kumrejea.

Upungufu na tiba yake. Spishi nyingi za nchi za joto zajulikana kwa dume mzima peke yake, ilhali jike hana jina la kuitwa, na buu, aliyeishi mtoni muda mrefu kuliko wazazi wake hewani, hajulikani ni wa nani. Siku hizi ulinganifu wa DNA huwarudisha watoto kwa wazazi wao. Hata hivyo iko njia ya zamani isiyohitaji ila subira: kumtafuta chini ya mawe pupa dume aliyekaribia kutoka. Ndani ya ala yake, upande wa nyuma, aghalabu hukutwa magamba ya buu aliyoyavua, na chini ya ngozi yake nyembamba viungo vya dume vimekwisha kutimia. Hivyo mdudu mmoja hutoa shahada mbili, ya utoto wake na ya utu uzima wake.