Kujifunza Kihispania Bila Mwalimu: Vitabu vya Wageni Tangu 1492

Wengi wetu katika idara hii tunawafundisha Kiswahili vijana ambao hawakukinyonya na maziwa ya mama, nasi tumekwisha kusahau ugumu wa siku ya kwanza. Mimi nilikumbushwa baada ya kununua, kwa muuza vitabu vikuukuu hapa Kampala, kitabu cha kujifunzia Kihispania. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Kihispania cha nini tena?" Nilimjibu kwamba ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika kama yetu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa tena mtu asiyejua kitu. Nilipofika somo la tatu nikaanza kuuliza vitabu vya namna hii vilianzia wapi.

Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alichapisha huko Salamanca sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania hikihiki. Ni mwaka uleule ambao Granada ilitekwa na Columbus akang'oa nanga. Katika utangulizi, Nebrija anasimulia kwamba Malkia Isabella aliuliza kazi hiyo ina faida gani, na Askofu wa Ávila akamjibia kwamba mataifa yatakayoshindwa vitani yatalazimika kupokea sheria za mshindi na, pamoja nazo, lugha yake. Maneno hayo hutajwa mara kwa mara madarasani. Linalosahaulika ni kwamba sehemu ya tano ya kitabu, ambayo ndiyo ya mwisho, iliandikwa mahususi kwa wageni. Humo mwandishi anaanza upya na herufi na silabi, kisha anampangia msomaji nomino na vitenzi. Alikwisha kutambua kwamba mgeni hawezi kuingilia mlango uleule wa mwenyeji. Hata hivyo kitabu chenyewe hakikuchapishwa tena hadi karne ya 18.

Waliovuma zaidi ni wafanyabiashara. Katika miji ya Flanders palikuwa na kijitabu cha Noël de Berlaimont, ambacho kufikia katikati ya karne ya 16 kilikuwa kimeongezewa Kihispania kando ya Kiflemi na Kifaransa. Hakikuanza na kanuni. Kilianza na watu wanaozungumza: wako mezani, wananunua, wanadaiana.

Baadaye ikaja zamu ya London. Mwaka 1591, miaka mitatu tu baada ya manowari za Hispania kushindwa na Waingereza, Richard Percyvall alitoa sarufi na kamusi ya Kihispania. Mwaka 1599 John Minsheu aliipanua na kuongeza mazungumzo saba, kila moja likiwa na Kiingereza chake. Mfaransa César Oudin, yuleyule aliyetafsiri sehemu ya kwanza ya *Don Quixote* mwaka 1614, aliyachapisha mazungumzo hayo Paris mwaka 1608 pamoja na Kifaransa, akaongeza la nane.

Hebu tuyatazame. La kwanza ni la asubuhi: bwana aitwaye Don Pedro anaamka na kumwita mtumishi wake, Alonso. Yanayofuata yanahusu ununuzi wa vito, karamu ya mabwana, safari pamoja na mwongoza nyumbu, na mwishoni tunawakuta askari. Mwanafunzi aliyekusudiwa anaonekana bila kutajwa. Ni mwanamume mwenye fedha, mwenye upanga, na mwenye mtu wa kumwamuru.

Sisi tunamfahamu mwanafunzi huyo. Kitabu cha Askofu Steere cha Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, nacho kilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa. Lakini katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitoa mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina lenyewe la kitabu linawataja askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Sina haja ya kueleza ni nani aliyekuwa Alonso hapo. Nchini Uganda, ambako bado tunawasikia wazee wakikiita Kiswahili lugha ya kambini, jambo hili si la makumbusho.

Karne ya 19 na ya 20 zilileta mbinu nyingine: maswali na majibu ya Ollendorff, Assimil huko Ufaransa mwaka 1929, na mfululizo wa Teach Yourself huko London mwaka 1938. Kitabu changu ni cha ukoo huo. Kilinipa raha nyingi. Irabu ni tano zilezile zetu. *Hasta*, yaani "hadi", na *hata* yetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu. Vivyo hivyo *tarifa* na *taarifa*. Vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*, vinavyowatesa Waingereza, havikunitisha sana, maana nasi tuna "ni mwalimu" na "yuko Jinja", ingawa mipaka hailingani kila mahali.

Ila kitabu hakina masikio. Kwa wiki kadhaa nilisema *perro*, mbwa, nikikusudia *pero*, lakini. Kosa hilo lilisikiwa na mtawa mmoja kutoka Mexico, akacheka, akanirudisha kwenye neno hilo mara kumi. Nami nimesahihisha kwa wino mwekundu, mwaka baada ya mwaka, "kula" na "kura" za wanafunzi wangu wanaozungumza Kiganda, bila kuketi na hata mmoja wao kumsikiliza.

Niliporudi ofisini nilifungua kijitabu nilichokiandika mwenyewe kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Mazungumzo ya kwanza: mgeni yuko hotelini, anamwita mhudumu, anaagiza chai, analalamika kwamba imepoa. Mhudumu hana jina, na maneno yake yote ni "ndiyo, bwana". Nimeyafuta. Mwenye mazungumzo ya majirani wawili, au ya abiria ndani ya teksi ya kwenda Mukono, na ayalete kabla muhula haujafunguliwa.