Nafasi Chini ya Gari: Tarehe ya Chuma na Mafundi wa Eldoret

Tarehe ya mji wa Eldoret imeandikwa aghalabu na watu waliotazama yaliyo juu ya ardhi yake: mashamba ya ngano na mahindi, reli, viwanda vya nguo, na baadaye wanariadha ambao wamelieneza jina la mji huu pembe zote za dunia. Makala haya yanataka kuitazama tarehe hiyo kutoka chini, mahali ambapo fundi hulala chali juu ya gunia akichungua matumbo ya gari. Kwa kuwa tangu siku gurudumu la kwanza lilipopanda uwanda wa Uasin Gishu hata leo, swali moja la ufundi halijapata kuhama hapa, nalo ni kwamba chombo kilichoundwa kwa ajili ya njia za nchi nyingine kitapata wapi nafasi ya kukitosha chini yake, na nafasi hiyo ikipatikana, itakuwa imechukuliwa kutoka kwa kiungo gani.

Chuma chenyewe hakikuja na gari. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, alieleza kuwa wahunzi waliokuwa wakifanya kazi kati ya Wanandi walikuwa kwa sehemu kubwa wa asili ya Wamasai wa Uasin Gishu, watu waliotawanywa na vita vya karne ya 19, wakapata makao kwa majirani zao na kuwalipa kwa ufundi wa fuawe na mivukuto. Kwa hiyo maarifa ya kulainisha chuma kwa moto na kukirudishia ukali wake yalikuwako katika nyanda hizi kabla ya mtu yeyote kuona springi ya gari. Na ingawa silsila ya moja kwa moja kati ya wahunzi wale na mafundi wa leo haiwezi kuchorwa, si haki kusimulia habari hizi kana kwamba zilianza siku wageni walipofika.

Wageni wenyewe walifika mwaka 1908. Makaburu waliotoka Afrika Kusini chini ya uongozi wa Jansen van Rensburg walishuka Mombasa mwezi wa Julai, wakapanda reli hadi Nakuru, kisha wakafunga ng'ombe kwenye magari yao na kuukabili mwinuko wa Timboroa, msituni, katika mvua na tope, hata wakatokea uwandani mwezi wa Oktoba. Gari la ng'ombe lilikuwa limeundwa kwa nchi kavu yenye majani mafupi, na magurudumu yake makubwa ya nyuma yaliuinua mhimili juu ya mawe na visiki. Lakini katika matope ya Timboroa urefu ule haukufaa kitu, kwani gurudumu lilipozama, mhimili uliikalia ardhi na gari zima likawa ni la kukokotwa kwa tumbo. Dawa iliyopatikana ilikuwa ni kukata miti na kuilaza njiani. Njia ndiyo iliyobadilishwa, na gari likaachwa lilivyo; nami nalitaja jambo hili kwa sababu vizazi vilivyofuata vilifanya kinyume chake, wakaiacha njia ilivyo na kulibadilisha gari.

Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililoandikwa nambari 64, na kwa muda mrefu watu waliuita mji Sisibo au Sitini na Nne, hata baada ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912. Husimuliwa kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza lilipoteremshwa kwenye gari la ng'ombe lilianguka likashindikana kuinuliwa, hata ikabidi benki ijengwe kulizunguka. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, hadithi hiyo inaufaa mji ambao kila kitu kizito kiliufikia kwa mateso ya mhimili, mpaka mwaka 1924 reli ilipofika, ikiwa imevuka Timboroa kwa kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari.

Wakati huohuo, mbali kabisa na Uasin Gishu, kifaa kilichotuletea mjadala huu kilikuwa kimezaliwa. Tarehe 22 Aprili 1919 Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, alipewa hataza ya fimbo ya chuma ya kuzuia gari lisilale upande likatapo kona. Mafundi wetu huiita stebilaiza. Ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa ncha zake mbili kuwa mikono. Katikati imeshikwa na bushi za mpira chini ya bodi au fremu, na kila mkono umefungwa kwa linki kwenye kiungo kibebacho gurudumu. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kufanya kazi; bali moja likipanda na jingine likabaki chini, fimbo husokotwa kama nguo ikamuliwayo, na katika kukataa kusokotwa huko huivuta bodi isiinamie upande wa nje wa kona. Uzuri wake ni kwamba haina mashine wala mafuta. Uchoyo wake ni kwamba hudai nafasi: mikono yake hupanda na kushuka siku nzima kati ya difu, bomba la ekzosi, tangi la mafuta na mikono ya ekseli, na popote inapokosa sentimita moja hugonga.

Waliotia mikono katika kazi za ufundi wa magari katika nyanda za magharibi walikuwa kwanza Makalasinga, ambao wazee wao wengi walifika na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wakasalia kuwa seremala, wahunzi na mafundi wa injini katika miji midogo. Vijana wa Kiafrika waliingia karakana zao kuwa wapokezaji wa spana, bila cheti wala mkataba, wakajifunza kwa kutazama. Na Kenneth King, aliyeichunguza elimu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya fundi wa Kiafrika, ameonyesha jinsi ustadi ulivyotoka katika karakana za Wahindi ukaenea chini ya miti na kando ya barabara. Mwana mashuhuri wa ulimwengu huo ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika karakana ya baba yake. Mashindano ya Safari yalikuwa yameanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na hapo mwanzo yalikuwa ya magari ya kawaida yaliyogawanywa mafungu kwa bei zake. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliyashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Safari iliwafundisha watu jambo ambalo shule haikuwafundisha: kwamba gari lililotoka kiwandani ni rasimu. Walioshindana waliliinua, wakalikaza springi, wakalifunga bamba la chuma chini ya injini, na kila mtazamaji aliyesimama kando ya barabara ya tope aliona kwamba kuliinua gari si ulimbwende bali ni uhai. Peugeot 404 ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978. Na hizohizo ndizo zilizobeba abiria wa masafa marefu, zikijazwa kupita kadiri, hata fundi wa springi akawa mtu wa lazima kama muuza mafuta.

Serikali ilichelewa kuwaona mafundi hawa. Shirika la Kazi Duniani liliitaja sekta yao kwa heshima katika ripoti ya mwaka 1972, lakini ilikuwa mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea wahunzi wa Kamukunji, Nairobi, na kuamuru wajengewe mabanda, ndipo jina lao la jua kali lilipopata kutamkwa bila dharau. Na Eldoret, mji mkubwa wa biashara katika mkoa alikotoka rais mwenyewe, haukuwa wa mwisho kufaidika. Miaka michache baadaye sheria za biashara ya nje zilipolegezwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika Mombasa. Hayo ndiyo yaliyotuletea Subaru Impreza, gari lililotolewa mwaka 1992 na kushinda Safari kwa mikono ya Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Na kijana wa Eldoret aliyelitazama katika mashindano sasa aliweza, akivumilia kusubiri, kununua ndugu yake lililokwisha kutumika, lisilozidi umri wa miaka 8 kama sheria itakavyo.

Hapo ndipo swali la zamani liliporudi kwa sura mpya. Wenye magari haya wamegawanyika madhehebu mawili. Wa kwanza hulishusha gari kwa springi fupi ili liishike lami. Wa pili huliinua kwa vipande vya chuma vilivyokerezwa na kuwekwa juu ya shoki, kwa ajili ya changarawe, mashimo na matuta. Wote wawili, kabla ya mwaka kuisha, humwendea fundi na malalamiko mamoja: nyuma panagonga. Sababu ni kwamba hakuna aliyebadilisha kimo cha gari bila kubadilisha kituo cha stebilaiza. Gari likiinuliwa, magurudumu huwa mbali zaidi na bodi, mikono ya fimbo huinama chini kupita kawaida yake, linki hulala mshazari, na gurudumu likining'inia shimoni mkono huweza kuigusa ekzosi au, vibaya zaidi, linki ikapinduka ikakataa kurudi. Likishushwa, mikono hupanda, na tuta la kwanza huihukumu difu.

Mashabiki wa mbio huzidisha taabu kwa mambo mawili wayapendayo mno. La kwanza ni bomba pana la ekzosi, ambalo hunguruma vizuri na kula nafasi ileile fimbo iliyokuwa ikipitia. La pili ni fimbo nene. Ugumu wa fimbo katika kusokotwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo fimbo ya milimita 22 huishinda ya milimita 20 kwa karibu asilimia 46, ingawa jicho halioni tofauti. Nayo ikifungwa nyuma peke yake hulifanya gari ligeuke upesi, jambo la kupendeza kwenye lami kavu na la kuogofya katika msimu mrefu wa mvua wa Uasin Gishu, ambapo mkia huteleza kabla dereva hajatanabahi. Mimi sielewi kwa nini kijana huanza na fimbo nene ilhali bushi za ile ya zamani zimekwisha kuwa unga.

Tiba mbovu ni tatu, na zote nimeziona zikisifiwa. Wako waikatao linki na kuichomelea upya kwa kipande cha nondo. Wako waipashao fimbo moto wa gesi hadi iwe nyekundu ili waikunje wapendavyo, wakisahau kwamba chuma cha springi kipashwacho namna hiyo hupoteza ukaidi wake, na kisipolegea hupasuka. Wa tatu huiondoa fimbo kabisa wakatulia. Na hao, lazima nikiri, wana hoja kwenye njia mbaya kabisa, ambako gurudumu huru hushika ardhi vyema zaidi, lakini gari lao barabarani huyumba kila lipishanapo na lori.

Fundi hodari huanza kwa kipimo. Huliinua gari kwa jeki, akayaacha magurudumu yaning'inie, akapima pengo kati ya fimbo na kila kilicho jirani. Kisha hulishusha, akalitia uzito nyuma, akapima tena, maana pengo la gari lililosimama tupu ni ushahidi wa uongo. Hupaka chokaa pale anaposhuku, akaliendesha juu ya matuta, akasoma alama. Baada ya hapo huchagua: kwa gari lililoinuliwa, linki ndefu zaidi zirudishazo mikono ya fimbo katika ulalo wake wa asili, au vipande vilivyokerezwa vya kuishusha fremu ya nyuma pamoja na difu ili viungo vyote visafiri pamoja na fimbo, kwa gari lililoshushwa, linki fupi, na kwa ekzosi iliyojinyoosha kupita haki yake, ni bomba lipindwalo wala si fimbo. Fimbo nene hudai bushi zenye tundu lake lenyewe, na vibano vyake huinuliwa kwa washa ikiwa bado pana mguso.

La mwisho katika kazi hiyo wengi hulifanya upesi, nalo ndilo linalowarejesha wateja kabla ya mwezi. Nati za bushi za mpira kwenye mikono ya ekseli hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki. Kwa sababu mpira ukazwao ukining'inia hubaki umesokotwa kila siku gari liwapo barabarani, ukachanika, na mgongano ule ule ukaanza tena kutoka mahali pengine.