Walihesabu wafu wao: historia ya theluji inayoua

Leo niwapeleke mbali kidogo, kwenye milima ya Uswisi. Sisi huku theluji tunaijua kwa jina la Rwenzori tu, upande wa Beni. Lakini habari hii inatuhusu, mtaona.

Kule, wakati wa baridi, theluji inajipanga tabaka juu ya tabaka. Kama tabaka moja la katikati ni dhaifu, uzito wa mtu mmoja unatosha: upande mzima wa mlima unakatika na kuteremka. Sana-sana inatokea kwenye mteremko wa digri 30 mpaka 45.

Wazee wa kule walianza na mti. Kijiji cha Andermatt kiko na barua ya mwaka 1397 inayokataza kukata msitu ulio juu ya nyumba. Waliandika hivyo mbele ya elimu yoyote ya misitu tunayosoma sisi wa-agronome, juu waliona kwamba shina la mti linashika theluji. Karne ya 19, mkaguzi wa misitu Johann Coaz akaanza kuandika maporomoko moja moja: lilitoka wapi, lilifika wapi, liliharibu nini. Kitabu chake kilitoka 1881. Mwaka 1936 watafiti wakaingia katika kibanda cha Weissfluhjoch, juu ya Davos, kupima theluji ndani ya baridi yenyewe. Tangu 1945 taasisi yao ndiyo inatoa taarifa ya hatari kwa wananchi.

Halafu ukaja msimu wa 1950-51. Maporomoko yakaua watu 98 Uswisi peke yake. Nchi haikuishia kwenye kulia. Walisimamisha vizuizi vya chuma kwenye miteremko, wakapanda miti, wakachora ramani: kwenye rangi nyekundu, hakuna kujenga. Februari 1999 theluji nyingi sana ikarudi. Safari hii waliokufa majumbani na barabarani walikuwa 17. Lakini mwezi huohuo, kijiji cha Galtür nchini Austria kilipoteza watu 31, wengine katika nyumba zilizodhaniwa ziko mahali salama. Kwa hiyo ramani nayo inapaswa kusahihishwa.

Siku hizi wanaokufa wengi ni watu wanaopanda wenyewe milimani kwa skii, mbali na njia zinazolindwa, na mara nyingi poromoko limeanzishwa na mmoja wa kundi lao. Kwao kuna daraja 5 za hatari, zinazotumika Ulaya tangu 1993. Daraja la 3 ndilo linaua wengi, si la 5. La 5 kila mtu analiogopa; la 3 mtu anaona ni katikati tu, anaenda. Wenye busara wanasoma taarifa asubuhi, wanapima mteremko, wanapita mmoja mmoja, na kila mmoja anabeba kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi. Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 15, mara nyingi anapona. Ikifika dakika 35, wengi wamekwisha kufa. Msaada wa kutoka mbali unachelewa. Anayekuokoa ni mwenzako.

Sasa turudi kwetu. Mei 2023, huko Kalehe, maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Matope si theluji, lakini mteremko ni mteremko, na mti unaushika vilevile. Sisi tuliosoma udongo tunaweza kufanya kazi ya Coaz bila kungoja pesa ya mtu: kwenda kijijini, kuuliza wazee, kuandika matope yalianzia wapi na yalifika nyumba ya nani.

Mtoto atakayezaliwa Kalehe mwaka huu, siku moja atatafuta kiwanja cha kujenga. Nani atamwonyesha mstari wa kutovuka?