VTEC Inashika Lini? Swali Hili Lilikuwa Baharini Kabla ya Barabarani

Kila nikiposti kuhusu injini lazima kuna mtu ataandika: "Wewe mtu wa Lamu, kisiwa cha punda, magari yakuhusu nini?" Haya, leo nawajibu kwa historia.

Swali linalopiganiwa sana na wapenzi wa magari ya mbio ni hili: ile teknolojia ya kubadilisha ufunguaji wa valvu, kama VTEC ya Honda, huwa inashika lini hasa? Wengi husema "ukikanyaga mafuta tu." Hilo ni nusu ya jibu.

Injini inapumua kupitia valvu, na kamu ndiyo inayoamua valvu zifunguke lini, kiasi gani na kwa muda gani. Zamani kamu ilikuwa na umbo moja tu. Ukiichonga ya upole, gari linatulia mjini lakini likikimbia hewa haitoshi. Ukiichonga ya mbio, injini inakohoa kwenye foleni. Ilibidi uchague moja uvumilie hasara ya nyingine.

Sasa angalia bahari yetu. Manahodha wa majahazi walipambana na shida kama hiyo karne nyingi kabla ya injini. Kaskazi ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Ukiwahi sana au ukichelewa, umeumia. Na katikati ya safari, upepo mdogo walitweka tanga kubwa, upepo ukizidi wanalishusha na kuweka dogo. Injini ni kinyume, kasi ikipanda ndiyo inataka kufunguliwa zaidi, lakini akili ni ileile: umbo moja halifai kwa hali zote, na ufundi uko kwenye kujua wakati wa kubadilisha.

Wenye viwanda walifika hapo pole pole. Alfa Romeo walitangulia mwaka 1980, wakaweka mfumo wa kugeuza wakati wa kamu kwenye Spider. Halafu 1989 Honda wakatoa Integra yenye VTEC, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ikuo Kajitani. Japani kodi ya gari hufuata ukubwa wa injini, kwa hiyo kuongeza tu ukubwa wa injini kulikuwa na gharama yake. Wao wakatoa nguvu za farasi 160 kwenye lita 1.6. Bila turbo!

Walifanyaje? Kila jozi ya valvu ilipewa kamu tatu: mbili za upole pembeni, moja kali katikati. Mwanzoni ile kali inazunguka bure. Kompyuta ya gari inakagua kasi ya injini, mzigo, joto la maji na presha ya oili. Ikiridhika, inafungua njia ya oili, oili inasukuma vipini, mikono ya valvu inafungwa pamoja, na kamu kali inachukua usukani. Kwenye Integra ile ni mizunguko elfu tano na kitu kwa dakika. Kwenye S2000 ya 1999 ni karibu 6,000, na injini inaendelea mpaka 9,000.

Kwa hiyo injini ikiwa bado baridi, au oili haina presha, kanyaga mpaka sakafu uone. Haishiki. Mguu wako unaomba tu, masharti ndiyo yanaamua.

Halafu kuna hii ya kuchekesha. Hiyo Probox mnayoidharau, yenye injini ya 1NZ-FE, ina VVT-i, mfumo ambao Toyota waliutoa 1995. Wenyewe hausubiri mzunguko fulani ndio uruke. Unageuza kamu kidogo kidogo muda wote, tena kwa presha ya oili vilevile. Ndiyo maana husikii kishindo. Kwa magari mengi ya leo, kuuliza "inashika lini" ni kama kumuuliza nahodha ameshika usukani lini. Hajauachia!

Na baharini imefika pia. Honda walishaweka VTEC kwenye mashine za boti kama BF225. Hapo ndipo mambo haya yanatuhusu kuliko watu wa lami. Gari likikosa nguvu Thika Road unasimama kando. Boti ikikosa nguvu mkondo ukiwa mkali, kando ni wapi? Mtu wa Faza au Kiunga anayetegemea boti afike hospitali Amu hana haja na stika ya VTEC. Anahitaji oili safi, kwa wakati wake.

Mimi chuo niliacha, kuuliza sikuacha. Na maoni yangu ni haya: kijana aliyekulia kwenye pepo ana haki kamili ya kuongea injini, hata kama njia za mtaani kwao zinapita punda tu.

Sasa niambie: chombo chako, gari au boti, kilibadilishwa oili mara ya mwisho lini? Jibu kwa ukweli.